Trela Nalo Hula: Hesabu ya Dizeli kwa Gari Linalovuta

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Isiolo)



Kwanza twawashukuru kwa kutuita. Huenda wengine wenu mnauliza, watu wa reli wanatafuta nini Isiolo, mji usio na reli? Swali ni la haki. Reli ilifika Nanyuki mwaka 1930 ikakoma pale. Mwaka 2012, mpango wa LAPSSET ulipozinduliwa kule Lamu, watu waliambiwa kwamba reli itapita hapa kwenda Ethiopia na Sudan Kusini. Hata hivi leo hatujaona taruma moja likilazwa katika ardhi ya Isiolo. Basi sisi tumeshuka kutoka Nanyuki kwa matatu kama watu wengine.

Lakini tumekuja kwa sababu ya jambo moja tunalolijua, nalo ni kuvuta. Kuvuta ndiyo kazi yetu. Na jambo lililompata ndugu yetu mmoja dereva wa hapa ni jambo la kuvuta, ijapokuwa waliomhukumu walisema ni jambo la wizi.

Tutaeleza habari hiyo bila kutaja jina la dereva, wala jina la ofisi iliyomwajiri. Haja yetu si kumwaibisha mtu. Haja yetu ni kwamba jambo hili lisimpate dereva mwingine.

HABARI YENYEWE

Ndugu yetu huyu huendesha Land Cruiser ya dizeli, ile ngumu mnayoijua nyote, yenye injini ya lita 4.2. Wakati wa kiangazi gari lile lilifungwa trela la tangi la maji. Kila safari alitoka mjini na tangi limejaa, akaenda kilometa 28 za lami upande wa kaskazini, kisha akaiacha lami akaenda kilometa 42 za changarawe na mchanga wa lugha kavu, mpaka penye watu na mifugo. Akamimina maji, akarudi na tangi tupu. Katika mwezi mmoja alifanya safari 10 za namna hiyo. Siku nyingine trela lilifunguliwa, naye akatumwa Meru na Nanyuki kwa kazi za kawaida.

Mwisho wa mwezi karani alichukua kitabu cha safari. Akaona kilometa 2,400. Ofisi ina jedwali lake lisemalo kwamba gari lile huenda kilometa 8 kwa lita moja. Karani akagawanya, akapata lita 300. Risiti za petroli stesheni zikasema lita 456. Basi lita 156 zimepotea. Zimekwenda wapi? Dereva amezifyonza, ameziuza. Hiyo ndiyo hukumu. Hakuitwa kuulizwa. Mshahara ulipokuja ulikuwa umekatwa bei ya lita 156, na barua ikasema kwamba likitokea tena atafukuzwa kazi.

Ndugu wanachama, fikirini nyumba ya mtu huyu. Karo ya watoto ilikuwa katika mshahara ule. Na zaidi ya karo ni jina. Isiolo ni mji mdogo. Dereva akiitwa mwizi wa mafuta asubuhi, saa ya chakula cha mchana habari imekwisha fika sokoni, na jioni imefika kwa wakwe zake.

TULIVYOPIMA

Alipotuletea habari hii hatukusema kwamba anasema kweli, wala hatukusema anasema uongo. Tulisema, tupime. Fundi mmoja wa hapa akakubali kusimama nasi, na msimamizi wa magari, ambaye ni mtu wa haki, akaruhusu gari lipimwe siku mbili za mapumziko.

Njia ya kupima ni rahisi, na kila dereva aweza kuifanya. Jaza tangi mpaka juu kabisa. Andika namba ya kilometa. Nenda safari yako. Ukirudi, jaza tena kwa pampu ile ile, gari likisimama mahali pale pale palipo sawa. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo gari lilizokula. Usipime kwa safari ya kilometa 10, maana kosa dogo la kujaza litaharibu hesabu yote. Kilometa 100 au zaidi zafaa.

Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza, gari peke yake, bila trela, juu ya lami: kilometa 112 kwa lita 14. Yaani kilometa 8 kwa lita. Basi jedwali la ofisi si la uongo. Ni kweli kwa gari lisilovuta kitu.

Pili, gari na trela lililojaa maji, juu ya lami ile ile: kilometa 112 kwa lita 20. Yaani kilometa 5.6 kwa lita.

Tatu, gari na trela lililojaa, njia yote, lami na mchanga, kwenda na kurudi bila kumimina maji: kilometa 140 kwa lita 34. Katika hizo, kilometa 56 zilikuwa za lami, na hizo twajua hula lita 10. Zinabaki lita 24 kwa kilometa 84 za mchanga na changarawe. Yaani kilometa 3 na nusu kwa lita.

Nne, gari na trela tupu, njia yote: kilometa 140 kwa lita 25, yaani kilometa 5.6 kwa lita. Hapo tukatazamana. Trela tupu lenye kupita mchangani lilikula sawa na trela lililojaa lenye kupita juu ya lami. Ndipo tulipofahamu kwamba barabara mbaya nayo ni mzigo, tena ni mzigo usioandikwa popote.

KWA NINI HUWA HIVYO

Sasa tuwaeleze sababu, maana mtu akijua sababu hawezi kunyamazishwa na karani.

Gari linalovuta hushindana na adui watatu: barabara, mlima na upepo.

Adui wa kwanza ni barabara. Sisi wa reli twajua kwamba gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma hutaka nguvu ya kilo 2 au 3 tu ili kuvuta tani moja mahali palipo sawa. Ndiyo maana injini moja huvuta mabehewa mengi. Gurudumu la mpira juu ya lami hutaka kama kilo 15 kwa tani. Katika mchanga uliolegea, nguvu hiyo yaweza kupita kilo 100, hata 150, kwa sababu gurudumu huzama kidogo na kila mara linapanda kutoka katika shimo lake lenyewe. Trela la ndugu yetu lilikuwa na lita 1,500 za maji, nazo ni tani moja na nusu kamili, kwa kuwa lita 1,000 za maji ni tani moja. Chuma cha trela ni kama nusu tani. Jumla tani 2. Zidisheni wenyewe. Juu ya lami trela hilo hushika gari kwa kilo 30. Mchangani laweza kulishika kwa kilo 200 au 300.

Adui wa pili ni mlima. Lita moja ya dizeli ina nguvu nyingi, lakini injini hugeuza karibu theluthi moja tu kuwa kazi. Nyingine hutoka kwa moto katika rejeta na katika ekzosi. Ukifanya hesabu utaona kwamba lita moja yaweza kuinua tani moja kiasi cha mita 1,200 kwenda juu. Isiolo iko karibu mita 1,100 juu ya bahari. Kutoka hapa kwenda Nanyuki kwa njia ya Timau, gari hupanda zaidi ya mita 1,000 kabla ya kuanza kushuka. Basi kila tani unayopeleka juu hukudai karibu lita moja kwa kupanda tu, kabla hujahesabu barabara wala upepo. Trela la tani 2 hudai karibu lita 2. Tena mafuta hayo hayarudi yote unaposhuka. Mengi huishia katika breki kuwa joto.

Adui wa tatu ni upepo. Huyu ndiye adui tunayemwita sisi wenyewe kwa mguu wa kulia. Nguvu ya upepo haiongezeki sawa na mwendo. Ukitoka kilometa 80 kwa saa ukafika 100, mwendo umeongezeka kwa robo, lakini nguvu ya upepo imeongezeka kupita nusu. Trela refu lenye kufunikwa turubai lililolegea ni kama kuvuta tanga la jahazi linalopigwa na upepo wa mbele.

Sasa tazameni jinsi reli inavyofanya. Zamani, tangu mwaka 1955, zilipoanza kufika zile injini kubwa za mvuke za aina ya 59, zilizochoma mafuta mazito, zilipandisha mizigo kutoka Mombasa penye usawa wa bahari mpaka Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu. Zilikuwa na nguvu kuliko injini nyingine zote za mvuke za reli ya upana wa mita moja ulimwenguni. Hata hizo hazikufungwa behewa bila hesabu. Kila sehemu ya njia ina kiasi chake cha tani, kwa sababu mlima wa Mazeras si sawa na tambarare ya Taru. Dereva wa gari moshi hupewa karatasi ya mzigo kabla ya kuondoka. Hakuna mtu wa reli mwenye akili atakayemwambia, "Injini yako hula kiasi hiki kwa kilometa, ukivuta mabehewa 20 au usivute hata moja."

Basi ikiwa jambo hilo ni upuuzi kwa gari moshi, kwa nini liwe haki kwa Land Cruiser?

HESABU YA MWEZI ULE

Tukarudi kwenye kitabu cha safari, tukagawanya mwezi kwa haki.

Kilometa 1,000 bila trela, kwa kilometa 8: lita 125.
Kilometa 280 za lami, trela limejaa, kwa 5.6: lita 50.
Kilometa 420 za mchanga, trela limejaa, kwa 3 na nusu: lita 120.
Kilometa 700 za kurudi, trela tupu, kwa 5.6: lita 125.

Jumla ni lita 420. Yaani katika zile lita 156 zilizoitwa wizi, lita 120 zilikuwa trela na barabara.

Zikabaki 36. Tulimwuliza ndugu yetu, nasi tulimwuliza kwa ukali. Akasema kwamba betri ya gari ilikuwa imechoka, naye aliogopa kuzima injini kule porini asije akalala na simba. Kila safari aliiacha ikinguruma kama saa mbili na nusu wakati wa kumimina maji. Injini kubwa ya dizeli iliyoachwa ingurume tu hula karibu lita moja kwa saa. Safari 10, saa 25, lita kama 25. Tukamwuliza, "Uliandika kwamba betri ni mbovu?" Akasema, "Nilimwambia fundi mkuu." Kwa mdomo.

Zikabaki lita 11. Hizo hatukuzipatia maelezo. Labda ni makosa ya kujaza, labda ni mchanga uliokuwa mbaya zaidi siku nyingine. Hatukuzifunika. Katika karatasi yetu tuliandika: lita 11, hazijulikani. Baadhi ya wenzetu walitulaumu kwa neno hilo. Sisi twasema kwamba neno hilo ndilo lililofanya karatasi yote iaminiwe.

Mwisho wake ulikuwa huu. Mwakilishi wa wafanyakazi aliingia ofisini na dereva, wakaweka karatasi mezani. Ofisi ilirudisha fedha za lita 120, na ile barua ya onyo ikaondolewa katika faili. Fedha za lita 36 hazikurudi. Walisema, "Habari ya betri iko wapi?" Nasi hatukuwa na karatasi ya kuonyesha. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Basi lita 25 za haki zilipotea kwa kukosa mstari mmoja wa kalamu.

YALIYO WAJIBU WETU

Ndugu madereva, tusiseme tu juu ya waajiri. Tuseme na yetu.

Tupunguze mwendo tukiwa na trela. Kilometa 70 au 80 kwa saa zatosha, na roho za watu zatosha pia.

Tupime upepo wa magurudumu, ya gari na ya trela, asubuhi kabla hayajapata moto. Gurudumu lililolegea juu ya lami hula dizeli na kujila lenyewe. Mchangani twaweza kupunguza upepo ili gurudumu litambae, lakini tukirudi kwenye lami tuujaze tena.

Tusafishe chujio la hewa. Vumbi la huku huziba upesi, na injini isiyopumua hutoa moshi mweusi, nao ni dizeli isiyofanya kazi.

Tupakie trela vizuri, uzito mkubwa uwe mbele kidogo ya ekseli, si nyuma. Trela lenye uzito nyuma huyumba, na likiyumba laweza kuliangusha gari. Tangi la maji lijazwe au limwagwe. Tangi la nusu lisilo na vizuizi ndani huchezesha maji na kulisukuma gari katika kona. Tena tusivute kuliko kipimo. Land Cruiser nyingi zimeandikiwa kuvuta hadi tani 3 na nusu kwa trela lenye breki zake. Lisilo na breki, kiasi chake ni kidogo mno, chini ya tani moja.

Tusishuke mlima kwa gia huru tukidhani twaokoa mafuta. Gari likishuka ndani ya gia bila kukanyagwa mafuta, injini yenyewe hulizuia, na dizeli karibu isiingie. Gari lililo huru huachia breki kazi yote, na breki zikipata moto, mlima wa Subuiga hauna huruma.

Na jambo la mwisho ni gumu kulisema. Wako miongoni mwetu wanaofyonza mafuta kweli. Twawajua, na nyinyi mwawajua. Kila mtungi unaouzwa kando ya njia usiku humfanya karani asimwamini dereva mwaminifu mchana. Chama hakiwezi kumtetea mmoja kwa hesabu na kumficha mwingine kwa urafiki.

YALIYO HAKI YETU

Katika mambo haya tunataka manne.

La kwanza, jedwali la mafuta liwe na safu zaidi ya moja: gari peke yake, gari na trela tupu, gari na trela lililojaa, tena lami mbali na mchanga mbali. Lipimwe mbele ya dereva na mwakilishi wake.

La pili, kitabu cha safari kiwe na mahali pa kuandika uzito wa trela, na namba ya kilometa lilipofungwa na lilipofunguliwa.

La tatu, ubovu wa gari uandikwe na upokewe kwa sahihi, na dereva abaki na nakala.

La nne, mtu asikatwe mshahara kabla ya kusikilizwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukata kiasi cha haki kwa mali iliyopotea kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Makusudi, ndugu zangu. Mchanga si makusudi ya dereva. Na kifungu cha 41 chasema kwamba kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa ubaya wa mwenendo, mwajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, naye ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama pamoja naye. Kila mmoja wenu na akumbuke namba hizo mbili, 19 na 41, kama anavyokumbuka namba ya gari lake.

Ndugu Mwenyekiti, tumesema ya kutosha. Matatu ya Nanyuki haitungoji. Tukitoka hapa, kila dereva na anunue daftari, hata la bei ndogo kabisa, na alijaze kuanzia kesho asubuhi: kilometa, lita, mzigo, njia, na ubovu. Siku atakapoitwa mwizi, asilie wala asitukane. Alifungue.